Chai ya Pakanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hanifa alimsaidia mama yake kupepeta mchele. Walikaa uani, kila mmoja na ungo wake, pumba zikipeperuka kuelekea barabara kuu inayopita Chimala kwenda Mbeya. Mama yake, Saida, aliuza mchele sokoni. Baba yake alikuwa Ubaruku kwa shughuli za mavuno, na hangerudi mpaka mpunga uingie ghalani. Hanifa alikuwa Darasa la Saba. Alipenda sayansi kuliko masomo yote, na kila aliyemuuliza atakuwa nani akikua alimjibu bila kusita, "Daktari."

Asubuhi moja mdogo wake Iqbal, mtoto wa miaka sita, hakuja kuchezea mchele kama kawaida yake. Hanifa alipokwenda kumwamsha alimkuta mwili unawaka moto. Mama aliuacha ungo palepale, akambeba mtoto mgongoni kwa kanga na kumkimbiza zahanati. Damu ilipopimwa, ikaonekana ana malaria. Muuguzi akampa mama vidonge vya dawa mseto.

"Asubuhi na jioni kwa siku tatu," alisema. "Ale kwanza ndipo ameze. Na akipata nafuu msiache, mama. Amalize vyote."

Lakini huo ulikuwa msimu wa mavuno. Malori ya wanunuzi yalifika sokoni alfajiri, na mama hakurudi nyumbani mpaka giza lilipoanza kuingia. Siku ya kwanza alimpa Iqbal dawa yeye mwenyewe, kisha akamkabidhi Hanifa vidonge vilivyobaki.

"Wewe ndiye mkubwa hapa nyumbani nisipokuwepo," alimwambia. "Nakutegemea."

Mchana, Hanifa akiwa shuleni, Iqbal alibaki na jirani yao, Bibi Esta. Bibi huyu alitoka Kilolo miaka michache iliyopita, akaja Chimala kuishi na mwanawe. Pembeni ya nyumba alipanda mmea wenye majani membamba na harufu kali, ambao yeye aliuita pakanga ya Kichina. Alichemsha majani yake na kunywa chai yake karibu kila jioni, akisema inampa nguvu.

Hanifa aliufahamu mmea huo. Mwalimu Lutengano, aliyewafundisha sayansi, aliwahi kuleta tawi lake darasani. "Mnauona mmea huu?" aliuliza. "Wachina wameutumia kutibu homa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Dawa mseto tunayomeza leo chanzo chake ni huu hapa." Hanifa aliliangalia lile tawi kwa mshangao. Tangu siku hiyo, kila alipopita kando ya nyumba ya Bibi Esta alikata jani moja na kulinusa.

Siku ya pili homa ya Iqbal ilipungua. Alianza kucheka na kudai mpira wake. Jioni, Hanifa alipompa kidonge, alikitema.

"Kichungu! Sitaki!"

Hanifa alikiponda na kukikoroga na sukari. Iqbal alikimeza, kisha akatapika. Kilio chake kilimleta Bibi Esta.

"Kamwene, mjukuu wangu. Mbona mtoto analia hivyo?" aliuliza, akianza na salamu ya kwao Kilolo.

"Hataki dawa, bibi."

"Pole yake. Ngoja nimletee chai yangu na asali kidogo, imtulize."

Iqbal alikunja uso, lakini kwa ajili ya asali alikinywa kikombe chote. Usiku alilala vizuri. Asubuhi iliyofuata Hanifa alishika kidonge mkononi, akafikiri. Kama dawa mseto inatokana na pakanga, basi chai na kidonge ni kitu kilekile. Kwa nini amlize mdogo wake bure? Alivifunga vidonge vilivyobaki kwenye karatasi, akavisukuma chini ya godoro lake. Iqbal aliendelea na chai. Bibi Esta hakujua lolote kuhusu vidonge. Yeye alidhani chai yake ni ya kusindikizia dawa ya zahanati.

"Amemaliza dawa?" mama aliuliza jioni, akivua viatu mlangoni.

"Amemaliza, mama," Hanifa alijibu.

Hakumtazama mama machoni. Lakini alijiambia kwamba Iqbal akishapona kabisa atamweleza mama ukweli, na Mwalimu Lutengano naye atafurahi kusikia mwanafunzi wake amemtibu mtu.

Wiki iliyofuata, Hanifa akirudi kutoka shule, alimsikia Bibi Esta akipiga kelele. Alikimbia. Iqbal alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamegeuka, mikono na miguu ikimtetemeka.

"Degedege!" Bibi Esta alilia. "Mwite mama yako! Haraka!"

Hanifa hakukumbuka baadaye alifikaje sokoni. Alichokumbuka ni mama akiruka juu ya magunia, bajaji ikikata vumbi, na kichwa cha Iqbal kikining'inia kwenye mkono wa Bibi Esta hadi walipofika hospitali.

Degedege lilitulizwa kwa sindano, lakini Iqbal hakuzinduka. Daktari aliyemhudumia, Andendekisye, alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya upole. Baada ya muda alirudi na majibu ya maabara.

"Ana malaria kali," alisema. "Aliugua karibuni?"

"Ndiyo, daktari, wiki iliyopita," mama alijibu. "Alipewa dawa mseto."

"Alimaliza vidonge vyote? Hakutapika?"

"Alimaliza. Naapa kwa Mungu, alimaliza vyote."

Daktari alimtazama Iqbal. "Hapo ndipo pananipa shida," alisema. "Kama alimaliza na malaria imerudi mapema hivi, huenda dawa hiyo imeshindwa kumtibu. Sindano niliyotaka kumpa ni ya jamii ileile, siwezi kuitegemea. Afadhali nimpeleke Mbeya, wana dawa ya aina nyingine. Nitaita gari la wagonjwa."

Hanifa alisogea karibu na kitanda. Alitaka kusema, lakini mama alikuwa ameapa mbele ya watu. Angemweka wapi mama yake? Alimtazama mdogo wake, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Alifikiria barabara ya Mbeya, malori na milima.

"Hakumaliza," alisema.

Mama aligeuka. "Unasema nini?"

"Hakumaliza, mama. Kidonge cha jioni ya siku ya pili alikitapika, vilivyobaki sikumpa. Nilimpa chai ya pakanga. Vidonge viko chini ya godoro langu." Machozi yalimtoka. "Nilikudanganya."

Bibi Esta alijishika kichwa. Mama alifungua mdomo, lakini daktari aliinua mkono.

"Ngoja kidogo, mama. Binti, nitazame. Alimeza vidonge kwa muda gani?"

"Siku ya kwanza yote, na asubuhi ya siku ya pili."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, daktari."

"Basi dawa haikushindwa. Haikupewa nafasi." Daktari alimgeukia muuguzi. "Andaa ile sindano ya malaria kali. Tunaanza hapahapa, sasa hivi."

Walikesha wodini, mama upande mmoja wa kitanda na Hanifa upande mwingine. Kesho yake asubuhi Iqbal alifumbua macho. Aliangalia dari, akamwangalia mama yake, akaomba wali. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akamvuta Hanifa kifuani.

"Kilichoniuma si majani," alimwambia polepole. "Nilimwapia daktari kwa sababu nilikuamini. Ungenyamaza, ningempoteza mwanangu nikiwa na uhakika kwamba nasema kweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Vidonge atakavyopewa vya kumalizia tutampa pamoja, mimi na wewe."

Mchana Daktari Andendekisye alipita wodini. Bibi Esta alikuwa ameketi kwenye benchi, mnyonge.

"Daktari," aliuliza, "kumbe majani yangu ni uongo?"

"Hapana, bibi. Sindano iliyomwokoa mjukuu wako chanzo chake ni pakanga kama yako."

Hanifa alishindwa kujizuia. "Sasa kama ni mmea uleule, kwa nini chai haikumponya?"

"Hilo ndilo swali ulilopaswa kuuliza wiki iliyopita," daktari alisema huku akitabasamu. Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kitu kinachoua malaria ni kidogo sana ndani ya jani, na moto unakipunguza zaidi. Jani hili linacho, lile karibu halina. Wanasayansi wa China walisoma maandishi ya kale ya waganga wao. Hawakuishia hapo. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena, mpaka wakajua kiasi kinachotosha na dawa ya kuchanganya nayo. Kikombe cha chai hakikuambii kina dawa kiasi gani. Vijidudu vinalegea tu, halafu vinarudi. Tena vikizoea dawa kidogo kidogo, siku moja dawa itatushinda sisi sote."

"Kwa hiyo niing'oe?" Bibi Esta aliuliza.

"Sijasema hivyo, bibi. Ila mwenye homa umlete kwetu apimwe, usimpe hiyo chai. Na unapokuja mwenyewe, utuambie kwamba unaitumia." Aliwatazama wote. "Mimi nilisoma China. Katika hospitali niliyofanyia mazoezi, ghorofa ya chini walikuwepo waganga wa tiba yao ya asili, wenye mitishamba na sindano nyembamba za kupunguza maumivu. Ghorofa ya juu walikuwepo madaktari wa upasuaji na maabara. Mgonjwa mmoja aliweza kutibiwa na pande zote mbili. Lakini hakuna upande uliompa mgonjwa kitu bila upande wa pili kujua. Tiba hizi mbili zinaweza kusaidiana, Hanifa. Zikifichana, anayeumia ni mgonjwa. Wewe ulikuwa na elimu nusu, ukaifunika kwa uongo ili ionekane nzima. Jana uliposema ukweli, ndipo ulipoanza kuwa daktari."

Hanifa aliinamisha kichwa. Maneno hayo yalimchoma na kumpa nguvu kwa wakati mmoja.

Jioni kitanda cha pili kilipata mgonjwa, mtoto mchanga mwenye homa. Mama yake, msichana mdogo tu, alikuwa akimjibu muuguzi kwa wasiwasi. Hapana, hajampa mtoto kitu chochote nyumbani. Hapana, hakuna dawa yoyote. Alipojibu aliuficha uso wake kwenye mtandio.

Bibi Esta aliinuka kwenye benchi, akaenda kukaa karibu naye, akamshika mkono.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna wa kukucheka. Waambie kila ulichompa, hata kama ni maji ya majani, hata kama aliyekupa ni bibi kama mimi. Hawawezi kutibu wasichokijua."

Msichana alimwangalia bibi, akamwangalia mtoto wake. Kisha akamwita muuguzi arudi.