Siku Bekzat Alipopimwa

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Aizirek alikuwa na kazi tatu: kukamua ng'ombe, kufagia ua, na kumtafutia mdogo wake vifuniko. Bekzat, mtoto wa miaka sita, hakugusa mkate mpaka avipange vifuniko vyote vya sufuria, kutoka kikubwa hadi kidogo. Kikikosekana kimoja, nyumba nzima ilijua. Hata majirani wa ng'ambo ya mto walijua.

Bekzat hakuzungumza kama watoto wengine. Akishikwa na kiu, alimkamata dada yake mkono na kumburuta hadi kwenye ndoo. Lakini maneno ya watu aliyanasa vizuri ajabu. Ulilolisema Jumatatu angeweza kulitoa Alhamisi, kwa sauti yako mwenyewe, pamoja na kikohozi chako.

Siku moja ya Juni, Gulbarchin, mtaalamu wa ukuaji wa watoto pale mjini Talas, alileta barua. Bekzat alitakiwa apimwe kabla ya kuanza shule mwezi wa Septemba. Mgeni alipotoka tu, Bibi Sairakan aliitupa barua mezani.

"Apimwe nini? Marehemu babu yake alisema maneno kumi kwa mwaka, tena matano ya kumwita farasi! Mbona hakupimwa?"

Kisha akakaa, akamvuta Aizirek karibu na kushusha sauti. "Wewe hukumbuki, ulikuwa hujazaliwa. Mtoto wa jirani alipelekwa bweni la mbali kwa sababu hakujua kusema. Wakimwona huyu hawezi, watamchukua."

Basi bibi na mjukuu wakala njama. Kwa wiki nzima, baba na mama wakiwa shambani wakipalilia maharagwe, Aizirek alimfundisha Bekzat majibu: Bekzat, sita, nyekundu, farasi. Mwanafunzi akayashika yote, sawasawa kwa mpangilio ule ule.

Siku ya kupimwa, Bibi alivaa kilemba cheupe cha harusini, akawapeleka wajukuu mjini. Gulbarchin aliketi sakafuni na kisanduku cha vitu vya kuchezea, akamwonyesha Bekzat kikombe.

"Hiki ni nini, baba?"

"Bekzat," akajibu Bekzat.

"Haya. Na huyu mnyama kwenye picha?"

"Sita."

"Unapenda kula nini?"

"Nyekundu."

"Na huyu dada yako anaitwa nani?"

"Farasi!"

Bibi akapiga makofi. "Umeona? Yote amepata!"

"Amepata, Bibi," alisema Gulbarchin taratibu, "ila si maswali yangu. Hebu niambie, nyumbani anaomba maji mwenyewe?"

"Anaomba! Tena kwa adabu."

"Anacheza na wenzake?"

"Kutwa! Mpaka wao wenyewe wanachoka."

Gulbarchin alikuwa akiandika. Mara Bekzat akainua kichwa, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ya Bibi, nzito na ya ukali: "Aizirek! Yule mama mwenye shingo ya bata bukini, usimwambie kitu! Akiuliza lolote, sema ndiyo!"

Gulbarchin akajishika shingo.

"Usimsikilize, mwanangu," alisema Bibi haraka, uso umemwiva. "Mtoto huyu hata kusema hajui!"

"Basi hilo niliandike?"

Mabega ya Gulbarchin yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia, aliinua karatasi yake.

"Nikifuata majibu haya, nitaandika kwamba Bekzat hahitaji msaada wowote. Ataingia darasa la watoto arobaini na mwalimu mmoja."

Aizirek akaliona darasa lile. Akamwona mdogo wake ana kiu, anatafuta mkono wa kuvuta, na hakuna anayemwelewa.

"Haombi maji," alisema. "Ananivuta mkono. Kengele ikilia anaziba masikio na kulia. Hachezi na wenzake, anapanga vifuniko. Na yale majibu nilimfundisha mimi. Tafadhali, shangazi, msimchukue."

"Nani kasema anachukuliwa? Nataka kumtafutia mwalimu wa kukaa naye darasani. Jioni anarudi nyumbani, anakula mandazi ya bibi yake."

Bibi Sairakan alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Gulbarchin akammwagia Bekzat vikombe kumi vya ukubwa mbalimbali. Kufumba na kufumbua, vyote vilikuwa mstari mmoja, bila kosa hata moja. Gulbarchin akapiga mluzi na kuandika haraka.

"Bibi," aliuliza, "fundi akikupima gauni, huwa unavuta tumbo ndani?"

"Navuta. Nani havuti?"

"Na gauni likija?"

"Linanibana hadi roho inataka kutoka."

"Basi ndivyo hivyo. Hapa si mtihani wa kushinda au kushindwa. Mimi ni fundi tu. Mkinidanganya vipimo, atakayebanwa ni mtoto."

Septemba ilipofika, Bekzat alianza shule akiwa na mwalimu wake msaidizi na kitabu kidogo cha picha. Jioni moja mwezi wa Oktoba, alimjia Aizirek, akamwekea mkononi picha ya maji, akasubiri. Aizirek alimletea bilauri tatu, moja baada ya nyingine, akilia na kucheka.

Novemba familia iliitwa tena, na safari hii baba naye alikwenda. Gulbarchin hajauliza hata swali la pili, Bibi kashavuta kiti.

"Andika. Bado anakojoa kitandani. Andika na hili: baba yake huyu alikojoa mpaka miaka tisa."

"Mama, jamani!" baba alilalamika, akitazama mlango.

"Ya baba siyaandiki, Bibi," alisema Gulbarchin, akiuma midomo asicheke.

"Andika, mwanangu," alisema Bibi Sairakan, akimpapasa Aizirek kichwani. "Mjukuu wangu huyu kanifundisha. Aibu ya kusema kweli ni ya siku moja. Kuficha kungemfanya mtoto aumie miaka. Haya, andika: miaka tisa na miezi miwili."