Kioo cha Rwabuhihi

"Amri Namba 14 ya Komisari wa Afya Kuhusu Kuosha, Kukausha na Kutumia Tena Vioo vya Labo, Mali ya Mapinduzi." Ilikuwa na mihuri mitatu. Mwaka ule wa 1964 Uvira ya Kongo, mikononi mwa wanamapinduzi, ilikosa chumvi, sabuni na daktari. Wino wa mihuri ulikuwepo tele.

Venant, muuguzi wa maabara, hakubishana. Aliosha hata kioo cha Rwabuhihi, mfugaji aliyeshushwa kutoka milimani akiwa na fizi nyeupe, akafa wiki ileile. Venant ndiye aliyemtoboa mfupa wa kifua, akavuta uboho, akaupaka kiooni, akautia rangi ya zambarau, kisha akachora R pembeni kwa ncha ya almasi. Kwenye hadubini aliona alichokihofia: chembe changa, kubwa, zimesongamana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Nyingine zote zimefukuzwa. Kansa ya damu.

Mjane wa Rwabuhihi, Nyirakamana, alikuja kuchukua maiti.

"Iko kitu mulitoa mu mufupa wake. Munirudishie. Kwetu hatuziki muntu nusu."

Komisari Eugène, zamani karani wa forodha, alicheka. "Mama, ile kioo iko ya Serikali. Na imeshaoshwa."

"Kioo mumeosha," mama akajibu polepole. "Yeye, bado."

Jumatatu akaletwa Generose, dada yake Venant, kutoka Kilibula. Homa kali, fizi nyeupe. Venant akamtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo cha kwanza alichogusa. R.

Akachungulia. Zizi lilelile.

"Dawa ya kwinini imebaki kidogo," komisari akasema alipopewa majibu. "Hatuitupi juu ya muntu wa kansa. Arudi kwao."

Kurudi kwao maana yake kufa. Venant akapaka damu ya dada yake kwenye kioo kingine: malaria tu. Akairudia R. Akaiosha. Akaichemsha. Akatoboa kidole chake mwenyewe.

Zizi lilelile.

Akaiosha tena. Akaweka tone la maji ya ziwa, maji matupu.

Chembe zilikuwemo. Zilikuwa zinatembea.

"Weye Venant, unaona nini?" komisari alinong'ona.

"Angalia weye mwenyewe."

Komisari akainama. Akakawia. Alipoinuka, aligonga muhuri ruhusa ya kwinini bila kuisoma. Tone la damu likamdondoka puani, likatua katikati ya muhuri.

Venant alimrudishia kioo Nyirakamana, aliyekuwa bado akingoja; mama akakifunga kwenye pindo la kitenge, akapanda nacho milimani, akakizika kaburini kwa mumewe. Generose alipona.

Kabla mvua hazijaisha, fizi za komisari zilianza kuvuja damu. Venant alimtoboa mfupa wa kifua. Kwa heshima ya cheo, alifungua pakiti mpya ya vioo kutoka ng'ambo, karatasi yake haijachanwa. Akavuta cha juu.

Pembeni kilikuwa na R.

Cheti cha kifo cha komisari, chenye mihuri mitatu, kiliandikwa malaria. Alikufa kwa ugonjwa wa Rwabuhihi.