Mota Iliyokufa Bila Kukohoa

Asubuhi ya Jumanne, Hippolyte alipoingiza mota ya mashua yake uani kwa Fulgence, katika kartie ya Mudzipela, mjini Bunia, alisema, "Bonjour, Muzee Fulgence," na Fulgence akabaki amesimama na spana mkononi.

Kwa miaka ishirini na minne Hippolyte hakuwahi kumwita hivyo. Tangu Orly azaliwe, fundi huyo alikuwa Papa Orly na mke wake Léontine alikuwa Mama Orly, kama adabu inavyotaka. Hippolyte ndiye aliyemshika mtoto huyo kwenye ubatizo, akajibu kwa niaba yake mbele ya padri: Orly Augustin.

"Leo nimekuwa muzee?" Fulgence alimtania. "Meno yangu iko yote, hesabu."

Hippolyte alicheka kwa midomo tu. "Mota iko inanizarau. Inawaka bien, inaenda kidogo, inazimika. Bafundi bote ba Kasenyi bameshindwa. Nikasema, labda mukono wako itausikia."

"Na mutoto?"

"Iko salama. Iko Hoima, kazi ya kujenga. Anakusalimia sana, weye na mama yake."

Hizo zilikuwa salamu za nne katika miezi mitatu. Hippolyte alikuwa na mashua ya abiria, kutoka Kasenyi hadi ng'ambo ya Ziwa Albert, na Orly alikuwa mshika usukani wake, mpaka siku alipobaki Uganda kutafuta maisha. Simu yake iliibwa, ndivyo Hippolyte alivyosema. Habari zake zikawa zinakuja kwa kinywa cha baba yake wa ubatizo, parrain wake kama alivyomwita, na kinywa hicho nyumbani kwa Fulgence hakijawahi kutiliwa shaka.

Fulgence alifunga mota kwenye ubao wa pipa, akakaza skrubu zake mbili, akajaza maji ya mvua mpaka helisi, ile panga inayosukuma maji, ikazama. Akaona makosa mawili. La kwanza, pini ya mwinamo ilikuwa imetiwa tundu la mwisho kabisa, jambo linaloinua pua ya mashua na kuifanya iyumbe kwenye mawimbi. La pili lilimuudhi zaidi. Chini ya kifungo chekundu cha kuzimia palipaswa kuwa na kibanio cha kamba ya usalama, ile ambayo mshika usukani huifunga mkononi ili akianguka majini ing'oe kibanio na mota izimike palepale. Hapakuwa na kibanio. Palizungushiwa uzi wa nailoni wa buluu.

"Kamba yake iko wapi?"

"Ilipotea."

"Tangu lini?"

"Ilipotea tu, muzee." Hippolyte aliaga. Léontine alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai. Hippolyte alimpita bila kumtazama usoni.

Mota iliwaka kwa mvuto wa pili. Ilitema uzi mzuri wa maji, kuonyesha kwamba inapoa vizuri. Baada ya dakika saba ikakata. Fulgence akaiwasha tena. Baada ya dakika saba ikakata.

Yeye ni fundi wa zamani, na ana sikio. Mota yenye njaa ya esansi, ya petroli, hukohoa kabla ya kufa. Iliyoingiwa na maji katika kabureta hutetemeka na kupiga chafya. Hii haikukohoa wala haikutetemeka. Ilikata kama mshumaa uliopulizwa. Alibadilisha buji, maana ndiyo inayotoa cheche. Alisafisha kabureta, akazibua tundu la hewa la kifuniko cha tangi, akachanganya esansi na oili upya kwa kipimo chake mwenyewe. Dakika saba. Na kila ilipokata, sekunde moja kabla yake, alisikia kifungo chekundu kikisema *ta*, kama kinavyosema kamba inapovutwa.

Jumatano alikata nyaya za kifungo kabisa, akaziweka mezani. Sasa mota hiyo haikuwa na njia ya kuzimwa ila kwa kuibana pumzi. Aliiwasha, akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono kifuani.

Dakika ya saba, kifungo kilichokuwa mezani, peke yake, kikasema *ta*. Mota ikafa.

Ukimya ulipoingia uani, harufu ikaja nao: samaki, magugu yaliyooza, matope ya Kasenyi, katika mji ulio juu ya mlima, mbali na ziwa, ndani ya pipa la maji ya mvua.

"Unapika samaki?" aliita.

"Samaki gani?" Léontine alijibu kutoka ndani. Kisha akatoka polepole, anafuta mikono kwa kitenge. "Papa Orly, nani aliniita?"

"Hakuna mutu aliita."

"Ameniita mama." Alisema kwa sauti ndogo, akitazama pipa. "Mara mbili."

Siku hiyo alikataa kuingia ndani. Alivuta kibao akakaa kando ya pipa, na kila mota ilipozimika alikuwa anainama, sikio karibu na maji. Jioni, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa, na hakuwa amegusa maji.

Alhamisi, jua likiwa tayari limepanda, Fulgence alikuta kitu kimening'inia kwenye ukingo wa pipa. Kilikuwa kamba nyekundu, ya kujikunja, mbichi. Kitanzi cha mkono kilikuwa juu, upande wake. Ule mwisho mwingine ulishuka majini, na kamba ilikuwa imenyooka, imekazwa kama waya wa kuanikia nguo, ingawa pipa hilo halikumfika mtu kiunoni. Alishika kitanzi. Ndani yake palikuwa na kipande cha ngozi, kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia, mishono tisa. Mishono hiyo aliijua. Aliishona yeye, miaka miwili nyuma, kwa sababu mkono wa Orly ulikuwa mwembamba na kitanzi kilikuwa kinamponyoka.

Akavuta. Na kutoka chini, kutoka kwenye maji yasiyo na kina, kitu kikavuta nacho, si kwa nguvu za samaki wala kwa uzito wa chuma kilichokwama, bali kwa ule mvuto wa mtu aliyenyooshewa mkono na anayeupanda, kiganja baada ya kiganja, anayeamini kwamba wewe uliye juu hutaachia, na Fulgence alivuta na kulia na kuvuta mpaka kamba ikalegea ghafla na kumwangusha chali, na nyuma yake, mlangoni, Léontine akaanza kukohoa.

Alikohoa maji. Maji safi, ya baridi, yakamwagika kwenye kitenge chake, na ndani yake kasamaki kadogo keupe kalikokuwa bado kanarukaruka.

Hippolyte alifika saa nane, kwa pikipiki, baada ya Fulgence kumpigia simu na kusema maneno mawili tu: "Nimepata kamba." Naye hakujitetea. Alipoiona mezani alikaa chini, palepale kwenye udongo.

"Sema," Fulgence alisema.

"Ziwa lilichafuka. Tulikuwa na batu kumi na munane, bamama na batoto. Orly alikuwa kwa usukani. Pini, ni mimi niliiweka vile, nilitaka tuende mbio. Pua ikapanda, wimbi ikatupiga, akaanguka. Kamba ikafanya kazi yake. Mota ikakufa."

"Ikakufa. Halafu?"

"Mashua ikageuka upande. Maji ikaanza kuingia. Batoto banalia. Nikafunga uzi kwa kifungo, nikavuta, ikawaka." Akanyoosha kidole mlangoni. "Alikuwa karibu, Papa Orly. Kama kutoka hapa mpaka kwa ile mulango. Alikuwa ameinua mukono, kamba iko inaning'inia. Anasema, parrain, niko hapa. Parrain, niko hapa. Kama ningegeuza, siye bote tungezama."

"Ukaenda."

"Nikaenda."

Kuku walipita katikati yao wakidonoa.

"Ile ya ziwa," Fulgence alisema, "pengine siku moja ningeweza kukusamehe. Batu kumi na munane, ninasikia. Lakini zile salamu? Ulikuwa unaziokota wapi? Unakaa kwa kiti yangu, unakunywa chai ya mama yake, unasema anakusalimia. Na hii mota. Ulijua nini iko ndani, ukaniletea."

"Haikubali mukono ya mutu. Kila mara dakika saba. Nilifikiri, kama itasikia mukono wa baba yake, itatulia."

"Ulitaka nimutulize. Nimutulize, halafu nikurudishie, weye uendelee kubeba batu."

Fulgence aliapa, kwa jina la Mungu na mbele ya mlango wake, kwamba hatamgusa mtu huyo tena, hata akimkuta amelala barabarani.

Ijumaa asubuhi Léontine hakuamka. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na ukiweka sikio kifuani ulisikia mawimbi madogo, yanakuja na kurudi. Alitoa sauti mara moja tu: "Iko baridi mule. Nimufuate."

Jirani waliomba, wakaimba, wakaondoka wameshika midomo. Ndipo akaletwa Pétronille, mjane wa Tchomia, kule ufukweni mwa ziwa, aliyekimbia vita na sasa alikaa mtaa wa pili. Hakuja na hirizi wala ubani. Alitumbukiza kidole katika pipa, akakilamba, akatema.

"Ni maji ya ziwa. Jini ya maji inafwata mutu mwenye aliachwa. Inavaa sauti yake, inatafuta batu bake, mumoja mumoja. Itaanza na mama, kwa sababu mama ndiye anaitika."

"Si Orly?" Fulgence aliuliza.

"Orly iko kwa Mungu."

"Na kama ni yeye?"

Pétronille alimtazama kwa huruma, lakini hakulainisha maagizo. "Rudisha kamba mu maji. Funga ule uzi wa buluu. Washa mota, iache itembee mpaka esansi iishe. Itakuita. Usijibu, usizime, usishike kamba. Ikiwa utageuka, muke wako anakwenda nayo."

Hippolyte, aliyekuwa amesimama nje ya ua tangu alfajiri, alisema, "Nifanye mimi. Zambi ni yangu."

"Weye ulisha kumwacha," Pétronille alimjibu. "Huna kitu ya kumunyima tena. Anatakiwa mutu mwenye hajamwacha bado." Akageukia Fulgence, akashusha sauti. "Mimi pia nilifanya. Alikuwa binti yangu. Sikuuliza kama ni yeye."

Fulgence alirudisha nyaya za kifungo mahali pake, moja baada ya nyingine. Alizikaza kwa uangalifu, kama kazi ya mteja yeyote, na jambo hilo lilimtia aibu. Alizungusha uzi wa buluu. Akachukua kamba, akapapasa ile mishono tisa, akaizamisha majini, na ilishuka ikashuka kama pipa halina chini. Akavuta. Mota ikawaka.

Dakika ya saba kifungo kikasema *ta*, na safari hii uzi wa nailoni, uliofungwa na mkono wa baba, ukakikatalia. Mota ikaendelea.

"Papa," sauti ikasema.

Ilitoka kwenye maji, karibu, bila hasira, sauti ya kijana aliyefurahi kuona mashua inarudi. Ikasema, "Papa, niko hapa," kisha ikasema, "Papa, ni mimi, geuza," na kamba ikatokeza juu ya maji na kitanzi chake kikiwa wazi, mahali pa mkono kuingia, na Fulgence akashika ukingo wa pipa kwa mikono yote miwili ili isipate pengine pa kwenda, na sauti ikaanza kubaki nyuma, kwa hatua kumi, kwa hatua ishirini, ingawa pipa lilikuwa palepale mbele yake, ikawa inalazimika kupiga kelele ili isikike juu ya mota, ikamtaja mama yake, ikataja jina la mbwa wao aliyekufa zamani, ikataja kwaresima ile walipokosa unga na baba akasema ameshiba, mambo ambayo jini lingeyatoa wapi, aliwaza, lingeyatoa wapi, na kidole chake gumba kilikuwa tayari kimefika kwenye kifungo chekundu, kimelala juu yake, wakati ndani ya nyumba Léontine alipotapika maji yote kwa mkupuo mmoja na kuvuta pumzi ndefu, ya kukwaruza, ya mtu aliye hai.

Fulgence akaondoa kidole.

Sauti iliita mara tatu zaidi. Ya mwisho ilikuwa ndogo kama ya mbu, na haikuwa na neno ndani yake.

Esansi iliisha saa sita na dakika kumi. Safari hii mota ilikohoa, ikatetemeka, ikapiga chafya mbili, ikafa kama mota yoyote. Maji ya pipa hayakuwa na harufu. Chini palionekana kutu na jani moja la mparachichi. Ndani, Pétronille alikuwa anamvisha Léontine nguo kavu, na Léontine, kwa sauti iliyopasuka, alikuwa anauliza bila kuchoka nani amezima, nani amezima, mbona hasikii tena.

Fulgence alibaki ameshika pipa. Alisikia hatua zikivuka ua, zikasimama nyuma yake. Kisha mkono wa Hippolyte ukatua begani mwake, mzito, mkono wa mtu anayejua kuitwa na kutogeuka; na Fulgence, ambaye jana yake tu alikuwa ameapa kwa jina la Mungu, hakuuondoa.