Picha ya Fundi Aliyelala

Mama Picha alikuwa na mkono mwepesi na jicho lisilotulia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye kiti cha kuzunguka, pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele. Watu walikuja kupiga picha za vitambulisho. Walikaza shingo kama wanaongojea sindano, kisha wakaenda zao. Kazi hiyo ilimlisha, lakini haikumkuna roho. Yeye alipenda watu wa barabarani, wasiojua kwamba wanatazamwa. Wateja wakipungua tu, alisimama mlangoni na kamera yake.

Mchana mmoja wa joto alimwona fundi viatu mgeni, aliyehamia kwenye kibaraza cha ng'ambo. Fundi alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, kichwa juu ya kiatu cha mteja. Mama Picha akapiga. Akaichapa picha kubwa, akaitundika dirishani, na chini yake akaandika: "Karibu, tunapiga picha safi."

Mtaa mzima ulicheka. Mama mkwe wake, aliyemsaidia kupokea wateja, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha bwana mmoja akasimama dirishani, wala hakucheka.

"Hicho kiatu ni changu," alisema. Akavuka barabara kwenda kukichukua.

Wengine wakafuata. Haukupita muda, kibaraza kikawa kitupu, na fundi akaja studio.

"Dada, mimi na wewe hatujuani. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, kaka. Ulikuwa mzaha tu."

"Nilikesha nashona viatu vya watu, ndiyo maana nikasinzia. Sasa wanasema nimevigeuza mto. Mzaha wako umenimwagia unga."

Mama Picha aliona aibu, lakini ulimi ukatangulia. "Barabara ni ya wote. Sheria hainikatazi."

Kwenye kile kiti alikuwa amekaa jirani yao, mama mwanasheria, akingoja picha ya kitambulisho.

"Hapo umesema nusu," alisema. "Katika nchi nyingi si kosa kumpiga mtu picha mahali pa wazi. Nyingine zina masharti zaidi, kwa hiyo uliza sheria ya mahali ulipo. Ila kupiga ni jambo moja, kuitumia ni jingine. Wewe umeifanya sura ya mwenzio tangazo la biashara yako. Hilo linataka ridhaa yake, tena afadhali kwa maandishi. Anaweza kukushtaki."

"Na nisipoifanya tangazo?"

"Bado kuna uungwana. Mtu amelala, analia au anaumwa, usimfanye kichekesho. Mtoto, mwombe mzazi wake. Nyumbani kwa watu usichungulie na kamera. Na mtu akisema hapana, acha. Akitaka uifute, ifute."

Mama mkwe akaguna. "Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Wewe mwenyewe ukilala unakoroma. Nikupige?"

Hata fundi alitabasamu kidogo.

Mama Picha akaishusha picha, akaifuta na kwenye kamera, fundi akiona. "Nisamehe, kaka," alisema, na safari hii alisema kwa moyo. Kisha akakusanya viatu vya nyumba nzima, akavuka navyo. Alisimama pale kibarazani jioni nzima. Alimwambia kila aliyepita kwamba kosa ni lake yeye mpiga picha, na kwamba fundi alisinzia kwa sababu alikesha kazini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga picha. Viatu vikaanza kurudi, jozi baada ya jozi.

Hakuacha kuwapiga watu wa barabarani. Bado aliwawahi kabla hawajakaza shingo. Ila sasa akishapiga, huwaendea, husalimia, huwaonyesha na kuwauliza. Wengi hucheka na kuomba nakala. Wanaokataa, huwafutia palepale. Haweki picha dirishani bila sahihi ya mwenyewe, na studio ina wateja wengi kuliko zamani.

Asubuhi moja alipita mama na mtoto wake. Alipoiona kamera akamfunika mtoto uso kwa mkono, akaongeza mwendo.

Kule ng'ambo fundi akaweka sindano chini. "Usikimbie, dada," aliita. "Huyo ukimwambia hapana, anasikia."

Yule mama akasimama, akamtazama Mama Picha.

"Basi hapana," alisema.

Mama Picha akaishusha kamera, akampungia mtoto mkono.