Lenzi Nyepesi Kuliko Kifuniko Chake

Kifuniko cha lenzi kilipowekwa kwenye mizani ya unga, mshale ulisogea kidogo. Lenzi yenyewe ilipowekwa, mshale haukusogea hata kwa kudanganya. Mwenye akili angeitupa chooni. Kobe aliibusu.

Usimlaumu haraka. Alikuwa mpiga picha wa zile kamera za filamu, ambazo kila kitu unazungusha kwa mkono wako mwenyewe, na chini ya jua hili hajazaliwa mtu aliyebeba mzigo kama wake. Punda angeliona lile begi angeacha kazi siku hiyohiyo. Ndani yake mlikuwa na lenzi pana, lenzi za harusi, na ile ndefu ya chuma, nzito kama mchi, aliyopigia picha ndege wakiwa bado nchi jirani. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka mpaka mfuko wa shati unasalimiana na mfuko wa suruali. Ndipo watu wakamwita Kobe, na jina la kuzaliwa likasahaulika, hata na mama yake.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameingoja safari ya milimani tangu walipooana. Kila mwaka inapangwa, kila mwaka bega linaivunja. Mara hii alishasema: begi moja dogo la mgongoni, lenzi mbili, basi.

"Ya tatu ikionekana," alimwambia akiwa na pini mdomoni, "utalala nayo hiyo huko."

Kobe akachagua lenzi pana kwa ajili ya barabara na majumba. Ya kupigia nyuso ndiyo ikamtesa, maana zake zote zilikuwa matofali. Akaenda kwa rafiki yake, fundi kamera, ambaye baada ya kuombwa sana alivuta droo ya chini kabisa akatoa kilenzi kidogo kama kikombe cha kahawa, kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Ndani kilikuwa na ukungu, zile nyuzi nyeupe zinazoota kwenye vioo vilivyokaa na unyevu.

"Picha zitatoka na utando kidogo," fundi alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka droo isikie. "Vumilia. Huo ukungu usiufute, ndugu yangu. Ndio pazia lake."

Kumwambia Kobe usifanye ni kumwonyesha mbuzi shamba lisilo na ua. Nyumbani, alipomaliza tu kuipima kwenye mizani, akaifungua lenzi, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta. Nyuzi zilishikilia kioo kama kucha. Zilipong'oka, chumba kilijaa harufu ya nywele zilizoungua. Akajisemea ni mafuta ya zamani. Akaishika lenzi mbele ya dirisha, akaona jicho lake ndani ya kioo. Akapepesa. Lile la ndani likachelewa kidogo, kisha nalo likapepesa.

Akacheka. Mtu akitaka kitu chepesi hakiulizi kwa nini ni chepesi.

Kabla ya safari lenzi hujaribiwa, kwa hiyo akatoka uani na kamera. Kwanza alimpiga paka wa jirani ukutani, akilenga milia ya tumboni. Kisha akampata shemeji yake, mdogo wa mkewe, mchomea vyuma ambaye hajawahi kuvaa miwani ya kazi na hujisifu kwamba cheche zinamwogopa.

"Shemeji, nichukue upande wangu mzuri."

"Huo ni kisogo. Tulia."

Mpiga picha anayejua kazi hulenga jicho lililo karibu naye. Kobe akalenga jicho la kushoto, lenye alama nyeusi pembeni ya mboni. Mwisho akaingia ndani akampiga mkewe kwenye cherehani, akishona gauni la safari, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Kobe alilenga namba za tepu, maana namba zina kingo kali, ni rahisi kulenga. Pale shingoni.

Mchana huohuo alijifungia stoo. Ilikuwa stoo yake ya picha: blanketi zito dirishani, taa nyekundu, mashine ya kukuzia na trei za dawa. Filamu ilishakauka, na karatasi tatu zilishapigwa mwanga wa mashine, zikingoja dawa tu. Akaweka karatasi ya paka kwenye trei, akaitikisa taratibu, chwa, chwa, chwa. Paka akaanza kutokea, mkali kuliko paka wa kweli. Huko nje kitu kikalia mlio mmoja mrefu, kikanyamaza. Paka wanapigana, akajisemea. Akaweka karatasi ya shemeji. Chwa, chwa. Jicho likatokea kabla ya uso, peke yake katikati ya weupe, likimtazama.

Shemeji akalia uani. Haikuwa sauti ya mtu mzima wala ya mtoto.

Kobe alimkuta amepiga magoti, damu ikibubujika kati ya vidole kama bomba lililopasuka. Alipouondoa ule mkono, pale pa jicho palikuwa na shimo jekundu, safi, kama limetolewa kwa kijiko. Ukutani paka alining'inia, amepasuliwa kufuata mstari wa milia.

"Kimeninyonya," shemeji alinong'ona. "Shemeji, kimeninyonya na kikaguna kama kimeshiba."

Kobe akaelewa vyote kwa mara moja, akamshukuru Mungu kwamba karatasi ya mkewe bado ilikuwa nyeupe ndani ya boksi. Akawa bado anashukuru aliposikia, kutoka stoo, mtu akitikisa trei.

Chwa. Chwa. Chwa.

Alikimbia hata bega likasahau kuuma, akasukuma mlango, na kwenye ule mwanga mwekundu akaliona, refu mpaka limejikunja mara mbili chini ya dari, ngozi nyeupe ya nyuzinyuzi kama ule ukungu alioufuta, halina uso ila tundu moja duara linalofumba na kufumbua, limeshika trei kwa vidole vilivyozidi, linatikisa kwa upole uleule anaotikisa yeye, na ndani ya dawa shingo ya mkewe inatokea, na namba za tepu zinatokea moja moja, na kule chumbani cherehani inakimbia peke yake bila mguu wa mtu, na chini ya kelele za cherehani anamsikia mkewe akikoroma kama mnyama anayechinjwa.

Kobe alilirukia blanketi la dirishani. Jini likamdaka bega lilelile la kulia, likauma, akausikia mfupa ukikatika kama muwa, nyama ikaachana na nyama, lakini mkono wa kushoto ulishafika, na blanketi likashuka na msumari wake. Jua likaingia. Karatasi ambayo haijaiva ikipata mwanga huwa nyeusi yote, na ile ikawa nyeusi, shingo, namba na kila kitu. Cherehani ikasimama.

Jini likapiga yowe, likajikusanya, likapungua, likarudi kwenye kilenzi juu ya meza kama moshi unaovutwa. Kobe hakungoja. Aliikamata ile lenzi ndefu ya chuma kwa mkono uliobaki, akaishusha kama mtwangaji. Pigo la kwanza kioo kilitoa damu. La pili kikatoa meno. Aliendelea kutwanga mpaka meza ikagawanyika, na mkewe akaja anatambaa, akamshika mguu kwa nyuma, tepu mkononi, hawezi kusema.

Walipona kwa namna yao. Kobe alibaki na mkono mmoja wa kazi. Mkewe alibaki na namba shingoni, zimeandikwa kinyume kama kwenye filamu, hata sabuni haizitoi. Lakini safari haikuvunjwa, mke alikataa katakata. Shemeji, na kitambaa chake usoni, akaahidi kulinda nyumba. Safari hii Kobe hakutaka vitu vidogo. Kamera aliiacha nje ya kuivaa shingoni, akatia begini lenzi moja tu, ile ndefu iliyowaokoa.

Mkewe akalinyanyua begi kumsaidia. Akasimama nalo mlangoni.

"Baba, umeweka kweli?"

"Nimeweka. Kwani?"

Mkewe alirudi jikoni, akaitoa ile lenzi ya chuma, nzito kama mchi, akaiweka kwenye mizani ya unga. Mshale haukusogea. Wote wawili wakainama kuangalia ndani ya kioo chake kirefu, na huko chini kabisa, jicho lenye alama nyeusi pembeni ya mboni likawatazama, likapepesa, kisha likahama taratibu, likatua shingoni kwa mke.