Jina la Nemani Halikufutwa

08:20

"Geti moja, lori moja, kontena moja," Seru alisema. "Asiyeelewa hapo akauze mihogo sokoni."

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha ghala bovu, Walu Bay, karibu na bandari, wamelizunguka beseni la kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza ulimi. Seru ndiye mkubwa wao. Kitione alikuwa mlangoni na panga lake la kukatia miwa. Inosi, dereva, miaka ishirini na sita, alikuwa amekalia tairi. Na kwenye kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi alikaa mjomba wake Inosi, Nemani, fundi wa kompyuta aliyefukuzwa kazi.

Mzigo wenyewe ulikuwa kava kavu ya kisiwa cha Kadavu, kontena zima, ndani ya bohari jirani ya Vunimoli, kampuni iliyomfukuza Nemani. Lori lilishapandishiwa mzigo. Kilichobaki ni kutoka.

"Kamera inasoma namba ya lori," Nemani alieleza. "Inaiuliza seva: huyu ana kibali? Akiwa nacho, kizuizi kinapanda. Akiwa hana, king'ora kinalia na geti la nyuma yako linajifunga. Umekwisha, panya ndani ya mtego."

"Ndiyo maana upo hapa, mzee. Ghala hili lilikuwa lao, na waya wa mtandao wa kampuni haukukatwa. Jina la kuingilia ninalo, nimelipata kwa karani wao. Saa nne na nusu Inosi yuko getini. Kabla ya hapo, kibali kiwe ndani ya seva."

Inosi alipokea kifuu cha kava, akapiga kofi moja kama ilivyo desturi, akakikausha. Kisha akanyoosha mkono, akaivua saa ya mjomba wake bila hata kuomba.

"We! Rudisha!"

"Mjomba, chako changu. Mama alinizaa ili nikufilisi."

"Umeshachukua mtumbwi, umeshachukua koti la kanisani..."

"Siku moja nitachukua na jina lako. Utalala bila jina."

Wote walicheka. Ndivyo ilivyo kwao: mtoto wa dada hakataliwi kitu. Nemani alicheka pia, akautazama mkono wake uliobaki bila saa. Dada yake Litia, mama wa Inosi, alikuwa amemshika mkono hospitalini, siku ya mwisho, akamwambia neno moja tu: mwanangu. Sasa mwana huyo alikuwa na mke na binti wa miezi mitatu, na mjomba mtu ndiye aliyemwingiza kwenye dili hili. Aibu iliyoje!

09:48

Seru na Inosi walikwishaondoka. Kitione alibaki, anatafuna muwa.

Nemani alifungua programu, akaandika jina la karani, akabonyeza. Akangoja.

Kimya. Baadaye maandishi mekundu: seva haikujibu.

"Nini?" Kitione aliuliza.

"Haijaunganisha."

"Piga teke."

"Kapige teke mkeo uone."

Nemani hakuwa na papara. Kazi hii ni kama kupiga hodi. Usipojibiwa, usivunje mlango, jiulize kwanza kama umefika nyumba sahihi. Alianza chini kabisa. Waya: umeingia, taa ya kijani inawaka. Aliiita seva kwa anwani yake, ikaitika. Basi nyumba ipo na wenyewe wapo. Tatizo ni mlango.

Akakumbuka. Praveen, mwenzake wa meza moja kwa miaka kumi na mmoja, hakuipenda kamwe namba ya mlango wa kuunganishia iliyokuja na seva. "Kila mwizi anaijua," alikuwa akisema. Praveen angeibadilisha. Angeweka nini? Mwaka wa ndoa yake, mwanamume yule hana siri nyingine. Nemani akajaribu.

10:09

Mlango ukaitika. Safari hii maandishi yalikuwa mengine.

Aliyasoma mara mbili. Hayakusema jina halijulikani, wala kwamba neno la siri si sahihi. Yalisema: jina hili limo ndani tayari, kutoka mashine nyingine.

Leo Jumamosi, karani yuko nyumbani. Nani mwingine ana jina lile?

"Kitione. Seru yuko wapi?"

"Anangoja getini."

"Geti gani?"

"La pili." Kitione alitema kapi la muwa, halafu akageuza uso.

La pili. Asubuhi nzima hapakutajwa geti la pili. Nemani aliijua bohari ile kama kiganja chake. Walinzi ni kundi moja tu. King'ora kikilia geti la kwanza, wote wanakimbilia kule, na geti la pili linabaki tupu. Basi Seru alikuwa na mashine yake ndani ya gari, na lori lake jingine. Kibali alichokuwa anakiandika muda huu si cha Inosi.

Inosi alikuwa chambo, na Nemani aliletwa ili chambo kiamini. Mtoto wa Litia ametoswa! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Ulijua," Nemani alisema taratibu.

Kitione aliliweka panga magotini. "Mpwa wako si mpwa wangu, mzee. Fanya kazi yako."

Inosi hapokei simu akiwa ndani ya bohari, walinzi huwanyang'anya madereva simu na kuwarudishia wanapotoka getini. Hapakuwa na namna ya kumwonya.

10:17

Kitione alipiga simu. "Mkubwa, mzee bado inamkataa."

Sauti ya Seru ilisikika hadi mezani. Alikuwa anacheka. "Mwache ahangaike."

Kicheko kile kilimuuma Nemani kuliko usaliti wenyewe.

10:22

Limebaki jina moja.

Alilijua tangu mwanzo na hakutaka kuliwaza. Jina lake mwenyewe, la kazini. Seva ile aliijenga yeye. Kufukuzwa kwake kulitimiza miaka mitatu sasa, kwa ulevi na ngumi, na siku mtu anapofukuzwa jina lake hufutwa kabla hajafika kituo cha basi. Tena kila kibali kwenye seva hubeba jina la aliyekiandika, na jina hilo halifutiki. Sheria hiyo aliiweka yeye Nemani kwa mkono wake.

Aliandika: nemani.tuilau. Neno la siri: jina la dada yake na mwaka wake wa kuzaliwa.

Akabonyeza.

Mlango ukafunguka.

Hakuamini. Macho yalimjaa maji na hakujua kwa nini.

"Vipi?" Kitione aliuliza.

"Bado. Inakataa."

Vidole vilikuwa vinakimbia. Namba ya bandia ya lori la Inosi. Kontena. Geti la kwanza. Hifadhi. "Bado kidogo. Mtandao mzito." Akalitafuta jina la karani ndani ya seva, akalikuta, akalitupa nje pamoja na kibali alichokiandika Seru. "Nadhani ni waya huu..."

"Wewe mtaalamu wa makopo," Kitione alisema, akakata muwa mwingine.

10:31

King'ora kililia. Kitione alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni. Sauti ilikuwa inatoka kusini. Geti la pili.

Alimtazama Nemani, akaitazama kompyuta. Hakujua kusoma yaliyoandikwa, lakini alijua kusoma uso wa mtu.

"Umefanya nini?"

Panga lilishuka. Nemani aliuinua mkono wa kulia, na mkono ukapokea. Damu ilitapakaa juu ya kibodi. Kitione alisimama akihema, akasikia ving'ora vya polisi barabarani, akatoka mbio.

Simu ikaita.

"Mjomba! Kizuizi kimepanda chenyewe! Fundi wewe! Nikununulie saa nyingine?"

"Sikiliza. Liache lori hapo kando ya barabara, na mzigo wake wote. Panda basi, nenda nyumbani. Seru usimpokelee simu."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yako."

"Sauti yako vipi?"

"Kava. Nenda, mwanangu."

14:05

Polisi hawakuhangaika kumtafuta. Jina walikuwa nalo. Walimkuta amekaa palepale, mkono umefungwa kwa shati.

Mchana, kituoni, aliletewa mgeni. Praveen. Alikuwa ameshika roti za viazi, chapati za kuviringisha, ndani ya karatasi, mbili, kama zile walizokuwa wakila mezani kwao miaka ile. Shingoni mwake kamba ya kitambulisho cha kazi haikuwepo.

"Lori limekutwa, mzigo wote umo," Praveen alisema. "Dereva hajapatikana. Seru wamemkamata geti la pili."

Nemani alifumba macho. Hajapatikana. Hilo lilimtosha.

"Praveen. Jina langu. Kwa nini hukulifuta?"

Praveen alianza kuikata roti vipande vidogo, maana mwenzake alibaki na mkono mmoja tu wa kutumia, wa kushoto.

"Na wao wameniuliza hivyohivyo. Nimeshindwa kuwajibu, wamechukua kitambulisho." Akasogeza karatasi karibu na Nemani. "Nilidhani ukiacha pombe watakurudisha. Sikutaka siku ukirudi ukute mlango umekukataa."