Nyangwine Anaita Majina

Jua la Sabato lilikuwa limeshazama. Mimi na binti yangu Elieth tulikuwa tunatoka mashineni, kila mmoja na unga wake kichwani, Nchagwa aliponiita kutoka mlangoni kwake.

"Mama Elieth, ingia kidogo. Ile filamu ya mzee wako bado ninayo."

Mzee huyo ni marehemu mume wangu, Nyangwine. Zamani Nchagwa alikuwa na kibanda umiza cha video hapa Nyarero, na Nyangwine ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu. Alishika maikrofoni, akageuza maneno ya Wazungu kuwa Kiswahili na Kikurya, na hatari ikikaribia aliwaita watazamaji kwa majina. "Fulani, upo?" Aliyeitwa alitakiwa kujibu kwa nguvu: "Nipo!" Asiyejibu alichekwa mpaka sokoni.

Mimi ni mtu wa kanisa. Sikuwahi kuingia. Elieth ndiye aliyempelekea baba yake uji, akakulia mle ndani.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Aliirekodi pamoja na sauti yake, kisha akaenda kuchimba dhahabu Genkuru. Duara, yaani shimo la machimbo, likamfukia. Mwili tuliupata. Lakini miaka imepita, na nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake.

Ndiyo maana niliingia.

"Shikamoo, baba," Elieth alisalimia.

"Marahaba. Umekuwa mkubwa wewe! Siku hizi huwezi kujificha chini ya meza yangu."

Akaweka CD kwenye deki.

Kwenye runinga, mama mmoja yuko peke yake katika nyumba ya ghorofa. Juu ya dari, mtu mwenye viatu anatembea. Tap... tap... Kisha sauti ya Nyangwine ikatoka kwenye spika. Ile ile, na kikohozi chake kidogo.

Nikafunika uso kwa khanga.

"Huyu mama hajui," alisema Nyangwine, "kwamba mwenye viatu hivyo ameshazikwa. Waisiko, upo?"

"Nipo!"

Sauti ya mwanamke. Ilitoka ndani ya spika.

Nchagwa akaacha kutabasamu.

"Hii alirekodi peke yake," alinong'ona. "Mimi nilikuwa mlangoni nafukuza kuku. Hakukuwa na mtu mwingine."

"Waisiko si yule tuliyemzika masika?"

"Ndiye. Kabla hajafa aliitazama hapa hapa. Akaitwa, akaitika. Tukacheka."

Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Udongo wa chini sana, usiojua jua.

"Zima," nilisema.

Nchagwa akabonyeza. Akabonyeza tena. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

Sauti ikaendelea.

"Elieth, mwanangu... upo?"

Niliruka nimzibe mdomo. Lakini mtoto aliyekulia kwenye kibanda kile haitwi mara mbili. Alijibu kabla hajawaza, machozi yakimtoka, kwa furaha ya mtu aliyeitwa na baba yake.

"Nipo, tata!"

Nyangwine akakohoa kidogo, kama mtu aliyeridhika.

Mama mkwe wangu, Bernadetha, hakushangaa nilipomsimulia. Alikuwa anamenya mihogo, wala hakuinua kichwa.

"Aliyefia shimoni huitwa jina lake pale mdomoni mwa shimo, mpaka roho itoke. Mimi nilitaka kwenda. Mkasema ni upagani, mkaimba nyimbo zenu. Sasa anaita yeye."

"Niende nikamwite, mama?"

"Duara limeshafunikwa. Utamwitia wapi?"

Tulifunga, tukaomba. Mchungaji alimpaka Elieth mafuta. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Alikuwa anachoka tu, na kila asubuhi nilikuta udongo mwekundu chini ya kucha zake. Mahindi hayajakomaa, tukamzika nyuma ya nyumba, kando ya baba yake.

Ile CD Nchagwa aliichoma moto. Niliiona ikikunjamana.

Lakini jioni, nikiwa peke yangu jikoni, nasikia mtu anatembea juu ya bati. Tap... tap...

"Elieth, upo?"

"Nipo, tata."

"Na mama yako?"

Hapo nang'ata khanga. Nasoma Zaburi mpaka ulimi unakauka. Naomba Mungu anipe kunyamaza, maana hilo tu ndilo limebaki kwangu. Sijaitika hata mara moja.

Jana aliuliza tena. Nikang'ata khanga.

Elieth akajibu badala yangu. Aliongea polepole, vile vile baba yake alivyokuwa akitafsiri.

"Yupo, tata. Anaacha chungu motoni. Anasogea mlangoni. Anashika komeo..."

Nikautazama mkono wangu.

Ulikuwa kwenye komeo. Na kucha zangu zote zilikuwa nyekundu kwa udongo.